Mapanki na Wimbo: Matukio Makuu ya Filamu ya "Darwin's Nightmare" na Mapokezi ya Watazamaji

Filamu ya Hubert Sauper, Mwaustria, iitwayo Darwin's Nightmare, yaani Jinamizi la Darwin, ilitolewa mwaka 2004. Urefu wake ni dakika 107, nayo ilipigwa Mwanza na katika vijiji vya wavuvi kando ya Ziwa Viktoria. Habari yake kwa ufupi ni hii: samaki aitwaye sangara alitiwa ziwani katika miaka ya 1950, akawala furu na samaki wengine wa asili hata aina nyingi zikatoweka, akanenepa, akawa mali, viwanda vikajengwa, minofu yake ikawa yapelekwa Ulaya kwa ndege kubwa zilizoundwa katika Urusi ya zamani, na marubani wake wakalala Mwanza wakisubiri shehena. Filamu hiyo ilipata tuzo ya filamu bora ya kumbukumbu ya Ulaya mwaka ule wa 2004, ikapata César nchini Ufaransa mwaka 2006, na mwaka huohuo ikawa miongoni mwa zilizoteuliwa kushindania Oscar. Mwishoni mwa Julai mwaka huohuo wa 2006, Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani. Bungeni nako ililaaniwa, na mwezi Agosti watu waliandamana mjini Mwanza kuipinga.

Ni nadra kazi moja ya sanaa kupokewa kwa namna mbili zilizo mbali hivyo. Wako waliosema kwamba Wazungu waliisifu kwa sababu ilithibitisha waliyokwisha kuyaamini juu ya Afrika, na wako waliosema kwamba Watanzania waliichukia kwa sababu iliwavua nguo mbele ya wageni. Kauli hizi mbili hazikosi ukweli, lakini zote mbili zina upungufu mmoja: zinaizungumzia filamu kama kitu kizima kisicho na viungo. Filamu haimwingii mtu yote kwa pamoja. Humwingia kwa matukio, na baada ya wiki mbili mtazamaji hubaki na matatu au manne tu, ambayo ndiyo huyaita filamu. Kwa hiyo yafaa kuyatazama matukio yenyewe, yalivyopangwa na yanavyofuatana, ili ionekane ni lipi lililomfanya mtazamaji huyu alie, na lipi lililomfanya yule akasirike.

Katika kuyapima matukio hayo, yafaa awepo mtazamaji wa tatu, asiye wa Paris wala wa Mwanza. Achukuliwe mtu wa Viwanja Sitini, kata mojawapo ya mji wa Ifakara katika bonde la Kilombero. Sababu za kumchagua ziko wazi. Bonde lile, lililokaa kati ya milima ya Udzungwa na vilima vya Mahenge, ni bonde la mpunga na la samaki. Masika mto hufurika, nyika ikawa ziwa. Maji yakishuka, wavuvi hupiga kambi mbugani, hutega migono, huvuta nyavu, na samaki wao hukaushwa na kubanikwa papo hapo kabla ya kufika sokoni Ifakara. Mtu wa huko anamjua kambale, perege na kitoga tangu utotoni. Anaijua harufu ya samaki juani, na nzi wake pia. Lakini si yeye aliyepigwa picha. Filamu haikumtaja, wala heshima ya mji wake haikuguswa. Anaweza basi kutazama bila kujitetea, naye ana ujuzi ambao mtazamaji wa Ulaya hana. Mtu huyu ni wa kukadiriwa tu, kipimo cha kusomea, lakini kila alicho nacho ni cha kweli katika bonde lile.

Filamu yaanza na kivuli. Ni kivuli cha ndege kinachokwenda juu ya maji ya ziwa, kidogo, cheusi, kimya. Baada yake yaonekana chumba cha waongoza ndege katika uwanja wa Mwanza, na mtu mmoja wa zamu ndani yake. Huyu mtu hashughuliki na ndege. Anamwinda mdudu anayelia kwenye kioo cha dirisha. Ndege kubwa yashuka, na huku mdudu yuleyule aendelea kusakwa. Ndilo tukio la kwanza, na wahakiki wengi walilipita kama kichekesho cha ufunguzi tu. Kumbe kazi yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Linamfundisha mtazamaji namna ya kutazama muda wote uliobaki: atazame kidogo kilicho karibu, kisha akifananishe na kikubwa kinachopita nyuma yake, asingoje kuambiwa. Katika filamu hii hakuna sauti ya msimulizi. Yako maandishi machache tu, na maswali machache ya mwongozaji nyuma ya kamera. Mtazamaji ndiye anayeachiwa kufunga fundo, na fundo la kwanza ni hili la mdudu na ndege.

Hapa inafaa kukumbuka kisa kimoja cha zamani kuhusu wadudu na sinema. Mwaka 1961 John Wilson alichapisha habari ya mtu wa afya aliyewaonyesha wanakijiji wa Afrika picha ya kufundisha jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama, makopo na vitu vingine vinavyoleta maradhi. Walipoulizwa wameona nini, walisema wameona kuku. Watengenezaji hawakujua kwamba katika picha yao kulikuwa na kuku. Walipoichunguza upya wakamkuta: alipita pembeni kwa muda wa kitambo kidogo mno. Marshall McLuhan wa Kanada aliieneza habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1962, na tangu hapo imerudiwa mara nyingi kuwa ushahidi kwamba Mwafrika wa kijijini hakujua kutazama sinema. Mawazo ya namna hiyo yalikuwako hata kabla yake. Lile jaribio la filamu za elimu kwa Waafrika lililofanyika kati ya mwaka 1935 na 1937, ambalo makao yake yalikuwa Vugiri katika Usambara, lilikuwa limejengwa juu ya dhana kwamba mtazamaji wa Afrika ahitaji picha za taratibu na hadithi nyepesi.

Kisa cha kuku chaweza kusomwa kinyume. Wanakijiji wale waliona kitu kimoja katika picha ile ambacho kilikuwa na uhai wake chenyewe, kisichopangwa na mtu. Mengine yote yalikuwa mafunzo. Aliyekosea ni aliyedhani kwamba tukio kuu la picha ni lile alilolikusudia. Mtu wa bonde la Kilombero analielewa jambo hili upesi, maana elimu ya mbu haikumfikia kwa picha ya dakika chache. Maabara ya Waswisi ilianzishwa Ifakara mwaka 1957, na vizazi viwili vya watafiti wa malaria vimepita huko. Katika miaka ya 1990 vyandarua vilienezwa Kilombero na Ulanga kwa mpango maalumu, vikauzwa, vikatiwa dawa, vikajadiliwa majumbani. Mtu huyo amekwisha kuzoea kuona mbu akifanywa mhusika mkuu. Mdudu wa kwenye kioo cha Mwanza hamchekeshi sana. Anamtazama mwongoza ndege na kusema moyoni kwamba huyu mtu yuko kazini peke yake, joto limemzidi, na chombo chake cha kazi si kizuri. Hiyo nayo ni tafsiri sahihi. Tukio ni moja, na tayari mtazamaji mmoja ameona mfano wa dunia nzima, mwingine ameona mtumishi aliyechoka.

Tofauti hiyo, ambayo hapo mwanzo ni ndogo, inakuwa bonde pana lifikapo tukio la mapanki.

Mapanki ni mabaki ya sangara baada ya minofu kuondolewa: kichwa, uti wa mgongo na mkia. Tukio lake halikuja ghafla. Kabla yake mtazamaji amepitishwa kiwandani, akaona watu waliovaa nguo nyeupe na viatu vya mpira, sakafu zilizooshwa, visu, minofu myeupe inayopangwa kwa adabu kama vitabu. Amewaona wajumbe wa Ulaya wakisifu usafi wa kazi hiyo. Amemwona mwenye kiwanda akimwonyesha mgeni samaki wa plastiki anayeimba kwa Kiingereza kwamba mtu asijali bali afurahi. Kisha lori lamwaga mapanki. Wanawake wayabeba kupita kwenye matope, wayatundika kwenye vichanja virefu chini ya jua. Kamera yashuka: miguuni mwao funza wanatambaa, wengi, wakubwa, hata tope lenyewe laonekana lina uhai. Mwanamke mmoja aeleza habari ya kazi yake, na jicho lake moja limeharibika kwa hewa kali itokayo kwenye mizoga ile.

Kwa upangaji wa picha, hili ni tukio lililofanywa kwa ufundi mkubwa. Hakuna neno hata moja linalosema kwamba Mzungu anakula mnofu na Mwafrika anaachiwa mifupa. Neno hilo linasemwa na mtazamaji mwenyewe, moyoni mwake, kwa kuwa nyeupe imefuatwa na nyeusi, usafi umefuatwa na funza, na wimbo wa plastiki bado uko masikioni. Na neno ambalo mtu amejisemea mwenyewe halimtoki upesi kama aliloambiwa. Ndiyo maana watazamaji wa Ulaya walitoka ukumbini wameshika mambo mawili, mnofu na funza, na wengine wakaapa kutomla tena sangara. Jambo hilo la mwisho, kama lingeendelea, lingewaumiza kwanza wavuvi wenyewe. Lakini ghadhabu ya mtazamaji haina kawaida ya kupiga hesabu.

Sasa mtu wa Viwanja Sitini atazame hapohapo. Jambo la kwanza atakaloliona ni vichanja. Vichanja havimtishi, amevizoea. La pili ni vichwa vya samaki, na kwake kichwa cha samaki si takataka. Kichwa ndicho chenye mafuta na mchuzi, na wako wanaokitaka kuliko mnofu. Aliyemkatia sangara minofu akakiacha kichwa, kwa maoni ya watu wengi wa pwani na wa bara, ndiye aliyepunjika. Kwa hiyo tafsiri ile ya mnofu kwa tajiri na mifupa kwa maskini, ambayo katika Ulaya ilikuja yenyewe bila kuitwa, kwake haiji upesi. Anaona biashara: lori, wanunuzi, wanawake wenye kazi. Katika mambo haya wale waliojibu mwaka 2006 kwamba kula kichwa cha samaki si aibu walikuwa na haki kabisa, na mwongozaji anastahili lawama. Picha yake inakaa zaidi kwenye matope kuliko kwenye sahani. Mtazamaji hapewi nafasi ya kutosha ya kumsikia mlaji akisema anachokila, anavyokipika, na kama anakipenda. Mtu aliyeonyeshwa akila bila kuulizwa ladha amefanywa kuwa tumbo tu.

Lakini mtu huyuhuyu wa Kilombero hawezi kuishia hapo, maana ujuzi wake unamtetea na papo hapo unamshtaki. Kwa kuwa anawajua nzi wa samaki, anajua pia kwamba funza wengi kiasi kile si jambo la kawaida. Samaki wa mbugani hubanikwa siku ileile aliyovuliwa, kwa moto na moshi, kwa sababu kila mvuvi anajua kitakachotokea asipofanya hivyo. Mapanki yale yamefika yameanza kuoza. Na jicho lililoharibika si mapishi ya asili ya kabila lolote. Mtazamaji wa Ulaya, aliyeogopa kila kitu katika tukio lile, vichanja, vichwa, nzi na tope, hakuweza kutenganisha kilicho cha kawaida na kilicho cha dhuluma. Ghadhabu yake ilikuwa kubwa lakini haikuwa na macho. Mjuzi wa samaki anaweza kutenganisha. Ataviacha vichanja na vichwa, na atasimama kwenye jicho. Wale waliolijibu tukio zima kwa kusema kwamba hicho ni chakula cha kawaida walilifunika jicho hilo pamoja na vichwa, na jambo hilo halikuwa la haki kwa mwanamke yule.

Mabishano ya mwaka 2006 yalishikilia neno hilo la mapanki hata likawa kama jina la pili la filamu. Lililobaki lilikuwa suala la silaha, ambalo ni la namna nyingine kabisa, kwa kuwa hapo tukio kuu ni lile ambalo halimo. Tangu mwanzo mwongozaji anauliza swali moja: ndege hizi zinapokuja kuchukua samaki, zinaleta nini? Anawauliza marubani, wafanyakazi, watu wa mjini. Wengi wanajibu kwamba zinaja tupu. Swali linarudi, na kila linaporudi jibu lilelile linazidi kusikika kama uongo, ingawa maneno hayakubadilika. Zinaonyeshwa pia ndege zilizoanguka, mabaki yake yamelala kando ya uwanja. Hatimaye, karibu na mwisho, rubani mmoja Mrusi asimulia kwa sauti ya chini kwamba aliwahi kupeleka vifaru Angola, kisha akapitia Johannesburg kupakia zabibu za Ulaya. Watoto wa Angola wakapata silaha wakati wa Krismasi, watoto wa Ulaya wakapata zabibu. Asema angependa watoto wote wafurahi, lakini hajui afanyeje.

Kwa utulivu wake, hili ni miongoni mwa matukio bora ya filamu. Lakini ni lazima kusema lilivyo. Rubani anaizungumzia Angola. Hakusema kwamba alileta silaha Mwanza, wala katika dakika zote 107 silaha haionekani ikishushwa. Hata hivyo watazamaji wengi walitoka wakiamini kwamba wameziona. Walichoona ni swali lililorudiwa, mizoga ya ndege, na uso wa mtu mwenye huzuni. Fundo wamelifunga wenyewe, kama walivyofundishwa na mdudu wa mwanzo. Mwanahistoria wa Ufaransa François Garçon aliushika udhaifu huo na kuandika dhidi ya filamu, kwanza makala, kisha kitabu. Alikwenda mbali zaidi, akadai mambo juu ya namna watoto walivyopigwa picha, na kwa hayo mahakama ya Paris ilimwona mwaka 2008 kuwa na hatia ya kukashifu. Hukumu ile haikuhusu sanaa ya kuunganisha picha, na katika sanaa hiyo swali lingali pale pale: je, ni halali kumfanya mtazamaji aone kisichoonyeshwa? Washairi wamefanya hivyo tangu zamani bila kulaumiwa na mtu. Lakini mshairi haitaji mji wa watu kwa jina lake na kuupiga picha.

Matukio ya watoto yanaweza kupitwa upesi, kwa kuwa hayahitaji mfasiri. Wavulana wapika wali, na unapoiva wanaurukia sufuriani kwa mikono, wakubwa wakiwasukuma wadogo. Wengine wayeyusha vifungashio vya samaki ili wavute moshi wake wapate usingizi. Hapa mtu wa Paris na mtu wa Ifakara wanaona kitu kimoja, ila mmoja wao, aliyetoka katika bonde linalolisha wengine mchele, huenda akaumia zaidi kuona wali ukipiganiwa.

Mlinzi wa usiku ni suala jingine. Analinda taasisi ya utafiti wa samaki, mkononi ana upinde na mishale yenye sumu, na ujira wake ni dola moja kwa usiku. Kamera imemsogelea mno: macho mekundu, giza pande zote. Anasema kwamba wako watu wanaotamani vita, kwa kuwa askari hulipwa. Kwa mtazamaji wa Ulaya mtu huyu ni wa kutisha, karibu awe alama ya Afrika yenyewe yenye kiu ya damu. Kwa Mtanzania, mlinzi mwenye upinde ni jirani. Yuko mlangoni pa duka na pa shule, huamkiwa jioni na kuagwa asubuhi. Lakini lililo kubwa zaidi hapa ni lugha. Mlinzi anahojiwa kwa Kiingereza. Anakijua kiasi cha kusema jambo, si kiasi cha kulizungusha. Kwa Kiswahili maneno yaleyale yangeweza kuwa kejeli chungu ya mtu maskini, namna ya kusema kwamba hata vita vingemlipa vizuri kuliko taasisi. Yangekuwa na mkato, na kicheko kidogo mwishoni, na mtazamaji angejua kwamba anayesema si mwenye kiu ya damu bali mwenye njaa na akili. Katika Kiingereza cha kuazima maneno yanabaki makavu, nayo yachukuliwa kama yalivyo. Msemaji wa Kiswahili anayetazama huisikia sentensi ya pili nyuma ya ile ya kwanza. Mtu mwingine hawezi.

Ni jambo la kusikitisha kwamba wahakiki wa Ulaya, walioandika mengi juu ya nuru na kivuli katika tukio hilo, hawakuandika sana juu ya lugha yake. Tanzania kuna desturi ambayo ingeweza kuwafundisha. Katika mabanda ya video, filamu za kigeni zilikuwa na wafasiri wao, watu waliosema juu ya picha kwa Kiswahili, mashuhuri kati yao akiwa yule wa Dar es Salaam aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Hawakufasiri maneno tu. Walieleza, walitania, waliongeza, walimwonya mtazamaji kwamba huyu anayekuja ni mbaya. Mfasiri wa namna hiyo angempa mlinzi sauti yake. Angefanya pia kazi ambayo Sauper aliikataa kwa makusudi, yaani kumfungia mtazamaji fundo. Huenda sanaa ingepungua. Lakini mlinzi angecheka pale alipotaka kucheka.

Ndani ya filamu hii kuna watu wengine wanaotazama filamu, na mahali hapo mwongozaji ameonyesha busara kuliko wahakiki na wakosoaji wake wote. Katika mkutano mmoja juu ya mazingira ya ziwa, wajumbe waonyeshwa picha za jinsi maji yanavyoharibika, na mjumbe mmoja anasimama kulalamika kwamba picha zile zimeonyesha ubaya tu, ilhali wapo hapo kuuza samaki wao. Ni kana kwamba majibu ya mwaka 2006 yalikwisha kupigwa picha kabla ya filamu kutolewa. Tena, usiku mmoja kijijini, mhubiri aonyesha sinema ya maisha ya Yesu, na inafika sehemu ya wavuvi wanaoambiwa watupe nyavu, nazo zikajaa. Wanaotazama ni wavuvi. Hakuna aliyewaeleza kwamba hilo ni tukio kuu. Kamera inatazama nyuso zao katika mwanga wa picha, na hapo, kwa mara moja, mtazamaji wa filamu anawaona watu wa ziwa wakifanya kile anachokifanya yeye mwenyewe. Hawaogopeshi wala hawaogopi. Wanazitazama nyavu zilizojaa kwa makini ya watu wa kazi hiyo.

Limebaki tukio moja, ambalo mabishano ya mapanki na silaha yalilifunika karibu kabisa. Mwanamke kijana ameketi na marubani wa kigeni, na ndio wateja wake. Anaimba wimbo wa kuisifu Tanzania. Rubani mmoja anamkatiza, anamtania, anamshika; yeye anaendelea. Baadaye katika filamu inajulikana kwamba ameuawa na mteja, mgeni kutoka Australia.

Mtazamaji wa Ulaya husikia jina la nchi likirudiwa kwa sauti nzuri. Anaelewa kinyume kilichopo, anasikitika. Lakini hajui wimbo. Mtu wa Viwanja Sitini anaujua tangu darasa la kwanza, tangu mistari ya asubuhi na vumbi la uwanja wa shule. Aliuimba akiwa amesimama wima, pamoja na wenzake, mbele ya mwalimu. Hahitaji tafsiri ya maneno, na hivyo sikio lake lina nafasi ya kusikia yaliyobaki: kwamba mwanamke hakosei maneno, kwamba hauimbi kwa dhihaka, kwamba anapokatizwa haachi. Katika filamu ambayo Watanzania kadhaa wamehojiwa kwa Kiingereza, huyu amepewa muda wa kusema kwa lugha yake jambo alilolichagua, na alichochagua ni kuisifu nchi yake.

Waliosema kwamba filamu imeitukana Tanzania hawakumtaja sana mwanamke huyu, ingawa hakuna mwingine ndani yake aliyeitetea nchi kama alivyoitetea yeye. Walioisifu filamu Ulaya walimtaja kama mmoja wa wahanga, baada ya sangara na kabla ya ndege. Mwongozaji mwenyewe ameliweka tukio lake mapema, na habari ya kifo chake mbali nalo, hata mtazamaji asiyeshika wimbo huweza kufika kwenye habari ya kifo akiwa amekwisha kuisahau sauti. Aliyeushika hawezi. Kwake filamu inagawanyika hapo sehemu mbili, kabla ya wimbo na baada yake, na matukio yote yanayofuata, vichanja, mlinzi, sufuria ya wali, hata rubani na zabibu zake, anayatazama huku wimbo ule bado unaendelea kichwani, kutoka pale rubani alipoukatiza.